Moja ni Jumamosi

Miezi minne baada ya kuajiriwa katika kiwanda kimoja cha rangi za nyumba pale Zegereni, nilianza kutembea kwa maringo. Mtu wa kompyuta katika kiwanda cha rangi hana anayemwona. Wenzake wanatoka kazini na madoa ya kijani kwenye viatu, yeye anatoka msafi kama mgeni, na watu wanaamini kutwa nzima anakaa kwenye kiyoyozi akitazama mpira. Lakini mwezi ule kiwanda kilinunua programu ya bakapu, programu kubwa ya kikampuni, yenye kitabu cha maelekezo kinene kama Biblia ya mimbarani, na kazi ya kuisimika ikawa yangu peke yangu. Nilijiona daktari bingwa. Nilinunua hata miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji.

Programu ile ilitakiwa kunakili kila kilichomo kwenye seva yetu na kukiweka kwenye diski ya pembeni, ili siku seva ikifa tuirudishe kazi yote kama vile hakuna kilichotokea. Ndani ya seva kulikuwa na barua, fomu za likizo, picha za sherehe za wafanyakazi, na kitu kimoja ambacho bila hicho tungebaki kuuza rangi nyeupe tu. Kitu hicho kilikuwa kanzidata ya rangi, yaani hifadhi ya vipimo vya kila rangi iliyowahi kuchanganywa kiwandani, na vipimo vyenyewe vilikuwa vya mtu mmoja.

Mtu huyo tulimwita mzee, basi. Alizaliwa Mzenga, kule Kisarawe, akaja kiwandani akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka thelathini mteja akileta kipande cha kitambaa, jani au kigae, mzee alikitazama, akaguna, akachanganya, na rangi ikatoka ileile. Kila mchanganyiko aliuandika kwa penseli kwenye kaunta buku na kuupa jina analotaka yeye. Damu ya Mzee na Ugoro zinajulikana na kila mtu. Lakini yeye alikuwa pia na Mlango wa Mchungaji, Ofisi ya Kata, Maziwa Yaliyolala, na kijani kimoja alichokichukia, ambacho alikiita Wamekitaka Wenyewe.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla uoni, na daktari akamwambia kilichokwenda hakirudi. Mzee alisema rangi zote sasa zinamjia kama chai ya maziwa, nyingine imekolea, nyingine haikukolea. Hakuweza tena kuchanganya kitu kipya, wala kurudia cha zamani kwa jicho. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa imebaki kwenye kaunta buku tatu, na penseli nayo ilikuwa inafifia.

Meneja wetu, mama mmoja asiyependa visingizio, aliniagiza nizihamishie zote kwenye kanzidata kabla mzee hajastaafu. Kwa hiyo kila siku baada ya chai ya saa nne mzee alikuja ofisini kwangu, akakaa, mimi nikasoma kutoka kwenye daftari, na yeye akasahihisha kwa kichwa.

"Nyeupe kilo nne, njano ya udongo gramu themanini, nyeusi matone sita," nasoma.

"Saba. Siku ile nilikuwa na homa."

Nilicheka sana katika miezi ile. Sijawahi kufanya kazi yenye raha kama ile, na siku tuliyomaliza ukurasa wa mwisho nilijisikia mtupu kidogo. Mzee akazipapasa kaunta buku zake, akaniuliza, "Sasa hizi, binti, nizifanyeje?"

"Mzee wangu, hizo sasa hata ukimpa mama wa nyumbani afungie karanga zake za kuuza. Rangi zako zipo kwenye seva, na seva ina bakapu. Hata jengo likiungua, zipo."

Akacheka, akazitia kwenye mfuko wa rambo, akaondoka nazo. Mimi nikarudi kwenye programu yangu nikiwa nimevimba kichwa.

Sasa nieleze nilivyoipanga, maana hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ukurasa wa ratiba uliniuliza siku ya bakapu kubwa ya wiki. Haukuwa na majina ya siku, ulikuwa na kisanduku kidogo cha kuandika namba, kuanzia moja mpaka saba. Mimi nilitaka Jumamosi saa nane mchana, kwa sababu Jumamosi kiwanda hufungwa saa saba na mashine zote hulala. Nikaandika moja. Bakapu ndogo za siku nyingine, za usiku, za barua na fomu tu, nikaziandikia mbili hadi saba. Wala sikusita hata nukta moja.

Kulikuwa na hila kidogo. Kanzidata ikiwa inatumika, faili lake linakuwa limeshikwa, na programu haiwezi kulinakili, inaliruka tu na kuendelea. Kijisehemu cha programu kinachoweza kunakili kanzidata ikiwa macho kiliuzwa peke yake, na meneja aliponiuliza kama kuna njia nyingine, nilisema ipo, kwa sauti ya mtu anayejua. Njia yenyewe ilikuwa kuilaza kanzidata kwa saa moja ile Jumamosi saa nane, bakapu ipite, kisha iamke. Amri ya kuilaza niliiweka kwenye ratiba ya seva yenyewe, ambayo siku zake zimeandikwa kwa majina. Nikaweka tiki kwenye Jumamosi, nikafunga ofisi, nikaenda Maili Moja kujipongeza kwa chipsi kuku.

Ripoti ya kwanza ilikuja na alama ya njano. Nyekundu ingekuwa imeshindwa na kijani ingekuwa imefaulu, lakini hii njano ilisema: imekamilika, kuna maonyo. Nikafungua maonyo. Ilikuwa orodha ndefu ya mafaili yaliyorukwa, majina yote ya herufi na tarakimu zisizosomeka, takataka za muda zinazojizalia zenyewe kwenye kompyuta. Nikaifunga. Wiki iliyofuata njano tena, na iliyofuata njano. Pikapu ya kiwanda ilikuwa na taa ya njano kwenye dashibodi iliyowaka tangu sijaajiriwa, na pikapu ilikuwa inatembea vizuri tu.

Kitu kingine kilichonisumbua kilikuwa Jumatatu. Kila Jumatatu baada ya chakula cha mchana mfumo ulikuwa mzito mpaka mashine ya kuchanganya inasimama ikisubiri vipimo. Nililaumu kebo. Nililaumu watu wanaorudi kutoka wikiendi na filamu kwenye flashi. Niliweka tangazo kali ukutani kuhusu filamu, na chini yake mtu akaandika kwa kalamu, "Tuletee na wewe yako." Mzee alikuwa na maelezo yake. "Hii mashine Jumatatu inashiba ugali," alisema. "Iache ipumzike."

Siku ya kumuaga mzee iliangukia Jumatatu. Tulipika pilau ya ng'ombe masufuria matatu, na meneja akatangaza kwamba saa saba na nusu anataka kila mtu awe kantini, asibaki hata mmoja anayedai anamalizia ndoo moja tu. Mimi niliwajua watu wangu. Ilipofika saa saba na nusu nikaingia kwenye seva na kuilaza kanzidata kwa mkono wangu, mashine ya kuchanganya ikabaki bubu, na wale wa ndoo moja tu wakaja kantini wakinung'unika. Niliiamsha saa tisa na nusu, baada ya hotuba, baada ya mzee kulia, na baada ya mimi kula sahani mbili.

Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha kebo ya mtandao. Kesho yake ripoti ya bakapu ikaja kijani. Kijani! Nikampigia meneja simu kumwambia tatizo lilikuwa kebo, nimelimaliza, bila hata kujiuliza kebo ya Jumatatu ilitibuje bakapu ya Jumamosi. Wiki iliyofuata ikarudi njano, nikailaumu kebo mpya.

Jambo la mwisho kuhusu siku ile ya pilau ni diski. Nilikuwa na diski tatu, na mzee alizipaka nukta, mimi nikimchagulia makopo, moja nyekundu, moja ya bluu, moja ya njano, ili nisizichanganye. Utaratibu, ambao niliuandika mwenyewe kwa maringo yangu yote, ulisema diski moja lazima ikae mbali na kiwanda na ibadilishwe kila wiki. Chumba changu cha Maili Moja kilivuja. Mzee akasema, "Nipe mimi, niende nayo Mzenga." Kwa hiyo jioni ile, tulipompakia kwenye pikapu pamoja na godoro na zawadi zake, nilichomoa diski ya njano kwenye seva na kumkabidhi mkononi.

"Hii ni amana, mzee."

"Amana haichezewi," akasema, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Nilitakiwa kwenda kuibadilisha Jumatatu iliyofuata. Mvua za masika zikaanza. Wiki ya pili njia ya kutoka Mlandizi kwenda Mzenga ilikuwa tope, wiki ya tatu nilikuwa na mafua, na wiki ya nne sikuwa na sababu yoyote. Uvivu wangu haukuwa na mpinzani.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi asubuhi, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na seva haikuamka. Diski zake zote mbili za ndani zilikufa kwa pamoja. Wafanyakazi wakajaa mlangoni kwangu kama watu wa msibani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Siku yangu ilikuwa imefika. Nikavaa miwani yangu. Nikatoa mashine ya akiba stoo, nikaifuta vumbi mbele ya hadhara, nikachomeka diski ya bluu, ambayo ndiyo ilikuwa na bakapu ya karibuni, nikabonyeza rejesha. Barua zikarudi. Fomu za likizo zikarudi. Picha za sherehe zikarudi, hata ile ya mhasibu akicheza na kofia ya ndoo. Watu wakapiga makofi, nami nikainama kidogo kama mwimbaji.

"Na rangi?" meneja akauliza kutoka nyuma.

Nikafungua kabati la rangi, yaani folda ya kanzidata. Lilikuwa tupu. Nikachomeka diski nyekundu, napo patupu. Nikarudi kwenye ya bluu, kama vile ingekuwa imebadili mawazo. Meneja akawaomba watu warudi kazini, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Sina haraka," alisema. Meneja yule hakuwa na kauli inayotisha kuliko hiyo.

Nilizipanga ripoti zote mezani, njano tupu, na safari hii nikasoma ile orodha ya takataka mstari kwa mstari. Katikati yake, kila wiki, lilikuwamo faili la kanzidata. Limerukwa, linatumika. Limerukwa, linatumika. Nikasema haiwezekani, Jumamosi saa nane linakuwa limelala, nimelilaza mwenyewe. Meneja akaweka kidole kwenye tarehe ya ripoti ya juu, akatazama kalenda ya duka la chakula cha kuku iliyokuwa ukutani.

"Hii si Jumamosi," akasema. "Hii ni Jumatatu."

Nyingine pia ilikuwa Jumatatu. Zote zilikuwa Jumatatu. Nikafungua ukurasa wa ratiba, na pale kwenye kisanduku ilikuwepo moja yangu, imekaa kwa utulivu. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Jumatatu, tatu. Kisha nikafungua kile kitabu kinene kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe, na ukurasa wa ishirini na kitu ulisema siku ya kwanza ya wiki ni Jumatatu.

Nilicheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka tumboni na hakikutaka kukoma, nikashika meza, machozi yakanitoka. Wiki zote zile kanzidata ilikuwa inalala Jumamosi ikimsubiri mtu ambaye anakuja Jumatatu na kuikuta inafanya kazi. Na ule uzito wa Jumatatu, ule niliowatukania watu filamu zao, ulikuwa bakapu yangu mwenyewe.

"Kwa hiyo," meneja alisema taratibu, "umekosa kwa sababu ya Kiswahili?"

"Kwa sababu ya Kiswahili, mama."

Mdomo wake ukatetemeka upande mmoja, akaurudisha. "Na zile kaunta buku za mzee?"

Kicheko kikakatika. Nikampigia mzee, nikajifanya mchangamfu. Shikamoo, marahaba, hawajambo huko, mvua je. Nikamwambia nataka tu kulinganisha rangi moja na daftari. Mzee akashangaa. "Si ulisema tufungie karanga? Mama yako alizimaliza zamani. Karatasi nzuri ile, haivuji mafuta." Nikaaga haraka kabla sauti haijanigeuka.

Kuanzia hapo sikuona kitu cha kuchekesha. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na ushee, macho yamekwisha, na daftari zake mwenyewe amezitoa kwa sababu mimi nilimwambia zipo salama. Hakuna fundi duniani angeweza kuzichanganya upya, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote. Niliinamisha uso kwenye zile ripoti, na nilitamani meneja anifokee. Hakunifokea. Alikuwa anazipekua ripoti moja moja kama mtu anayepanga karata.

"Hii mbona kijani?" akauliza.

Nikainua kichwa. Nikaanza kumweleza habari za kebo. Kisha nikaangalia tarehe.

"Pilau," nikasema.

"Nini?"

"Pilau, mama! Siku ya pilau niliilaza kanzidata kwa mkono! Saa saba na nusu mpaka tisa na nusu! Jumatatu!"

Tulitazamana. Bakapu ya saa nane ilikuwa imepita katikati ya hotuba yake na kuikuta kanzidata imelala fofofo. Na ile bakapu iliandikwa kwenye diski ya njano, na diski ya njano ilikuwa Mzenga, na haikuandikwa tena juu yake kwa sababu mfanyakazi mmoja mvivu alishindwa kwenda kuibadilisha wiki sita mfululizo. Meneja alikuwa ameshachukua ufunguo wa pikapu.

Aliendesha mwenyewe, na taa yetu ya njano ikiwaka, mpaka Mlandizi, kisha tukaiacha lami na kuanza kuteleza. Meneja aliyezoea kututaka tutembee taratibu kwenye korido alikuwa anakata kona za tope kama dereva wa mashindano. Kila tulipozama nilishuka kusukuma, na kila nilipopanda nilikuwa na tope zaidi, mpaka miwani yangu ya urembo ikapotelea mahali fulani kwenye dimbwi na sikurudi kuitafuta. Tulicheka ovyo. Tulikuwa na hofu kiasi kwamba kila kitu kilichekesha, mbuzi njiani, bango la kanisa lililoinama, hata ukimya wetu.

Tulimkuta mzee barazani na mkewe. Tulisema tumekuja kukagua diski, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa namna fulani. Mzee aliingia ndani akapapasa, akatoka na kopo la rangi la lita nne, jipya, mfuniko umegongwa kwa nyundo pande zote. Mama akaleta bisibisi. Ndani kulijaa mchele mkavu, na katikati ya mchele, imefungwa kwenye leso nyeupe ya kanisani, ilikuwepo diski ya njano.

"Kopo la rangi haliingizi hewa," mzee alieleza. "Na mchele unanywa unyevu. Nilisema hii ni amana, siwezi kuiweka kabatini na soksi."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamshukuru kwa adabu, kwa sababu ningemkumbatia ningeropoka.

Ijumaa asubuhi, mbele ya meneja peke yake, niliichomeka. Nikalikosa tundu mara mbili. Nikabonyeza rejesha, na tukasubiri huku meneja akila karanga kavu kutoka kwenye mfuko wa nailoni bila kunikaribisha. Kabati la rangi likajaa. Damu ya Mzee, Maziwa Yaliyolala, Ofisi ya Kata, zote, na vipimo vyake. Meneja akapiga kelele ambayo watu wa kantini waliisikia, akanishika mikono, tukaruka ruka ofisini kama wasichana wa shule. Kisha akaweka sura yake ya kazi, akasema barua yangu ya onyo itakuwa mezani Jumatatu, na nisiandike Jumatatu hiyo kwa namba. Ilikuwepo kweli. Ninayo mpaka leo.

Mchana uleule nilibadilisha moja kuwa sita. Nikakagua mara tatu. Kisha nikachapisha rangi zote za mzee kwenye karatasi, kwa herufi kubwa nyeusi, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Sikuamini tena kitu kinachokaa mahali pamoja. Jumapili, baada ya ibada, nikaenda nazo Mzenga, safari hii kwa bodaboda kutoka Mlandizi, nikiwa nimeyapanga kichwani maneno ya kuungama.

Mzee alizipokea, akazisogeza karibu na jicho, akazisogeza mbali, akampa mkewe. "Nisomee," akasema.

Mama alisoma kwa sauti ya somo la kanisani, kwa mpangilio wa alfabeti, na tulicheka. Kwenye Bati la Shule alitaka kujua shule gani, na kwenye Bibi Kanuna, bibi yupi. Kumbe kwa miezi alikuwa amefungia karanga karatasi zile bila kusoma hata mstari mmoja. Alipofika kwenye K akasoma, "Kanga ya Siku Ile." Akaishusha karatasi. "Siku ipi?"

Mzee akakohoa. "Endelea mbele."

"Siendelei. Siku ipi?"

"Ile uliyokuja stesheni ya treni na mama yako kuuza mihogo. Nilikuwa natoka likizo, narudi kazini."

Nilikuwa nimeichapa rangi ile mwenyewe, kati ya mamia, na sikuuliza.

"Nani aliagiza rangi hii?" mama akauliza. "Mteja gani?"

"Hakuna mteja. Niliitafuta wiki mbili, baada ya saa za kazi."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Si niliandika?"

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani vyote. "Na mimi nimeichana," akasema. "Karatasi hiyo nimemfungia mtu karanga."

"Binti alishaitia kwenye kompyuta," mzee akamtuliza. "Ingepotelea wapi?"

Hapo nikashindwa. Yale maneno niliyoyapanga hayakutoka hata moja. Nilimwambia tu kwamba haikuwa salama, haikuwa salama hata siku moja. Nilimwambia habari za mosi na tatu, za seva iliyokufa, za diski mbili tupu, na kwamba kama angeagwa Ijumaa, au kama tungemuaga kwa soda bila pilau, rangi zake zote zingekuwa zimekwisha. Nililia nikieleza. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono magotini.

"Kwa hiyo ilibaki moja tu? Ile niliyokuwa nayo?"

"Hiyo tu, mzee. Naomba unisamehe."

Akageuza uso upande wa mkewe.

"Soma tena," akamwambia. "Soma na vipimo vyake."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Kanga ya Siku Ile. Nyeupe kilo mbili. Nyekundu ya matofali gramu mia na kumi. Njano ya udongo gramu thelathini. Bluu, tone moja." Akainua kichwa. "Bluu? Kanga ile haikuwa na bluu hata kidogo. Naikumbuka."

"Ulikuwa umesimama kwenye kivuli cha behewa," mzee akasema.